Kipande Kilichobaki Ndani

Mzee alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi dari ya ukumbi, yeye ambaye alipaka madari maisha yake yote bila kuvunjika hata ukucha. Mfupa wa mguu ukavunjika chini ya goti. Ukaungwa, ukashika, kisha ukaanza kutunga usaha. Madaktari wakasema vidonge haviwezi kuufikia usaha wa ndani ya mfupa. Dawa ilibidi iingie moja kwa moja kwenye damu, kila siku, kwa wiki kadhaa. Ndipo wakamwekea mrija mwembamba, laini, ulioingia kwenye mshipa wa mkono juu kidogo ya kiwiko, ukapanda begani, ukashuka kifuani na kuishia karibu kabisa na moyo. Nje ilibaki ncha fupi yenye kifuniko. Kila asubuhi nesi alikuja nyumbani, akafungua kifuniko, akatia dawa, akasukuma kwa maji ya chumvi, akafunga na kwenda zake.

Dawa ilipokwisha, nesi akasema, "Kesho Jumatatu mje kliniki tuutoe huu mrija."

"Kliniki ya nini?" mzee akamjibu akicheka. "Nina daktari wangu humu humu ndani."

Alikuwa anamzungumzia binti yake wa kati, ambaye nyumbani na mtaani walimwita Dokta.

Jina hilo lilikuja hivi. Msichana alipelekwa chuo cha uuguzi, na mzee akawatangazia watu wote aliowahi kuwapakia rangi nyumba zao. Mwaka wa pili akafeli mtihani, akaurudia, akafeli tena, akaambiwa afungashe. Siku aliyorudi nyumbani na mabegi yake alikuta baba ana wageni, na baba akasimama akamshika bega mbele yao: "Huyu ndiye niliyekuwa nawaambia." Binti akaona aseme kesho. Kesho ikawa wiki. Baadaye akapata kazi hospitali kubwa ya hapo mjini, dirisha la mapokezi, kufungua mafaili ya wagonjwa na kuwaita kwa majina. Watu wa mapokezi walipewa makoti meupe ili wagonjwa wajue wa kumuuliza. Mama alipoliona lile koti kwenye kamba ya nguo, alipiga kigelegele mpaka jirani akatoka nje akiwa na ufagio mkononi.

Hakuwahi kutamka kwamba yeye ni nesi. Hakuwahi pia kusema kwamba si nesi. Kwa mzee, nesi, daktari na mganga mkuu wote walikuwa kitu kimoja, watu wa koti. Majirani wakaanza kumletea vikohozi vyao na migongo yao, na yeye akajifunza jibu moja linalofaa kila ugonjwa: "Umepima? Nenda kwanza ukapime." Wakaenda, wakapima, wakapona, na sifa zikarudi kwake. Alivishwa kilemba cha ukoka, naye akakizoea kichwani.

Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, mzee alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Mama alikuwa anakusanya sahani. Kaka mkubwa, dereva wa teksi, alikuwa amekuja kuwasalimia na sasa alijilaza kwenye kochi akichezea simu.

"Dokta," mzee akaita, huku anakunja mkono wa shati. "Njoo unitoe hii kamba."

"Nesi amesema kesho kliniki, baba."

"Nesi amesema, nesi amesema. Na wewe ni nani? Nikakae kwenye benchi asubuhi nzima nikisubiri mtu anivute uzi, na nyumbani nina mtu ambaye kazi yake ni hiyo?"

"Labda leo yuko likizo," kaka akatania.

"Nikuchemshie maji, mwanangu?" mama akauliza, tayari amegeukia jikoni.

Binti alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, mafupi tu: mimi sijui, mimi si nesi. Baba alikuwa amemnyooshea mkono, kiganja juu, macho yake yametulia kabisa. Kilichomtoka ni hiki: "Ngoja ninawe mikono."

Alinawa mpaka mama akamuuliza kama anafua. Kwenye karo alijipa moyo. Alikuwa amemwona nesi akibadilisha plasta. Aliwahi hata kumuuliza unatolewaje, na nesi akasema kwa haraka ya mtu anayefunga mkoba, "Unauvuta polepole tu, unatoka." Basi. Polepole tu.

Aliporudi, kaka alikuwa amekaa wima, simu ameiinua. "Narekodi," akasema. "Dokta kazini. Hii inaenda kwa ndugu wote."

"Acha bwana, kaka."

"Aache nini? Rekodi," mzee akasema. "Wamwone."

Akabandua plasta. Vinyweleo vya mkono wa mzee vikanyanyuka nayo, mzee akakunja uso kwa mzaha. Akaushika mrija pale ulipoingia kwenye ngozi, akavuta. Ukaja. Ulitoka laini, unang'aa, na binti akahisi kitu kikimfunguka kifuani. Kumbe ndivyo ilivyo. Akavuta tena kidogo. Ukagoma.

Akasubiri, akavuta. Mrija ukanyooka kama mpira, alipoulegeza ukarudi.

"Ndivyo unavyotakiwa kuwa?" kaka akauliza nyuma ya simu.

"Ndiyo. Huwa unashika kidogo."

Hakujua kama huwa unashika. Hakujua kwamba mshipa ukiingiwa na baridi au hofu unajikaza na kuubana mrija, na kwamba anayeijua kazi huacha hapo hapo, akaweka kitambaa cha moto, akangoja, na ukikataa kabisa humpeleka mgonjwa hospitali. Alichojua ni kwamba simu ilikuwa inamtazama, baba alikuwa anamtazama, na jasho jembamba lilikuwa linamshuka mgongoni. Akauzungushia kidole, akavuta kwa nguvu.

Ulitoka ghafla, kwa mtikiso mdogo, kama uzi uliokatika kwenye kitambaa.

Akakunja ngumi haraka. Kwa mkono wa pili akakandamiza pamba kwenye tundu.

"Kwisha?" mzee akauliza.

"Kwisha, baba."

"Sikusikia kitu! Mmeona? Yule nesi angenichubua." Akamgeukia mkewe. "Mama Dokta, mkono wa mwanao ni mwepesi kama pamba."

Kwenye simu ya kaka sifa zikaanza kuingia. Shangazi alituma sauti, na kaka akaifungulia wote wasikie: "Hongera mwanangu! Mikono ya dhahabu! Mungu akuzidishie!" Mama akaomba irudiwe. Binti akasimama pale, ngumi imefungwa, akitabasamu, na kila neno la shangazi lilimwingia kama mchanga machoni.

Bafuni akafunga mlango kwa komeo, akafungua kiganja. Mrija ulikuwa na alama za vipimo kama rula. Ulikuwa mfupi. Mwisho wake haukuwa wa mviringo, ulikuwa umechanika, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mrija uliotoka kiwikoni hadi moyoni hauwezi kukaa wote kiganjani mwa mwanamke. Hilo halihitaji chuo. Akajiambia labda walimwekea mfupi. Akajiambia labda wanaukata. Akaufunga kwenye karatasi laini, akautia kwenye mkoba wake, akanawa uso.

Alasiri mzee akakohoa, akashika kifua.

"Nini, baba?"

"Hakuna. Moyo umeruka." Akafikiri jinsi ya kulieleza. "Kama ukiwa unashuka ngazi ukakosa kipandio. Unajua? Halafu unakipata."

"Pumzika kidogo, baba. Lala chali."

Naye akalala. Hakuuliza kwa nini, hakubisha, yeye mzee mbishi aliyewahi kugombana na daktari wa mifupa kuhusu namna ya kushika gongo. Alijinyoosha kwenye kochi, akafumba macho kwa sababu binti yake amesema, na utii ule ndio uliomvunja. Akatoka barazani alipokuwa kaka.

"Kaka, washa gari."

"Kuna nini?"

"Washa gari tu. Tunampeleka baba hospitali. Nitakwambia njiani."

Njiani hakumwambia. Mzee alikaa kiti cha mbele akilalamika kwamba Jumapili ni siku ya mapumziko, na binti akamwambia ni kukagua tu pale palipotolewa mrija. "Uangalifu," mzee akamwambia kaka. "Ndiyo maana wanampenda kazini."

Hospitali ya karibu ilikuwa ile ile aliyofanyia kazi, siyo ile iliyomtibu mzee mguu. Alikuwa akiomba kimoyomoyo asikutane na mtu. Lakini mlango wa dharura ulipofunguka, nesi wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza chumba, akamwona kwanza yeye.

"Dada Faili! Leo Jumapili umetokea wapi? Mapokezi wamefunga, mama, nenda kapumzike!"

Mzee akageuza shingo. "Faili?"

"Ananitania, baba," binti akasema upesi.

Nesi akaona mzee, akaacha utani. Akamkalisha, akamfunga kipima pigo kidoleni, akambandika waya za kupima moyo kifuani. Kwenye kioo mapigo yalikwenda vizuri, kisha moja likaja kabla ya wakati wake, kisha yakaendelea. Nesi akamwita daktari wa zamu, kijana mrefu mwenye macho ya usingizi, naye akauliza maswali yake taratibu. Ameanza lini? Anakohoa? Mrija ulitolewa lini?

"Leo mchana," mzee akasema.

"Kliniki zote leo zimefungwa. Nani aliyeutoa?"

Mzee alijiinua kidogo kitandani. Uso wake ulikuwa na fahari ile ile aliyoivaa mbele ya wageni miaka yote. "Binti yangu huyu hapa. Ni mwenzenu. Anafanya kazi humu humu."

Daktari akamtazama binti. Nesi naye akamtazama, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Binti aliona wazi kwamba nesi hatasema. Nesi alikuwa amekwisha kuinamisha macho, anavutavuta shuka ambalo lilikuwa limenyooka. Alikuwa anamwachia.

"Ni mimi," binti akasema. Sauti haikutoka. Akarudia. "Ni mimi niliyeutoa. Uligoma, nikauvuta kwa nguvu. Nadhani umekatika." Akafungua mkoba, akatoa ile karatasi, akaifungua juu ya kitanda, kando ya mkono wa baba yake. "Na mimi si nesi, daktari. Mimi nakaa mapokezi. Chuo sikumaliza."

Kipima pigo kiliendelea kulia peke yake.

Daktari hakumgombeza. Alikichukua kile kipande, akakisoma alama zake, na usingizi ukamtoka machoni. "Ulipokatika, mkono uliufunga kwa juu? Ulimfunga kamba hapa?" Akagusa karibu na kwapa la mzee.

"Hapana."

"Mngekuja pale pale mkono umefungwa, pengine tungekikuta mkononi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejisemea mwenyewe. Lakini binti alijua alichokuwa anafanya wakati ule: alikuwa anasikiliza sauti ya shangazi ikirudiwa.

Mzee alikuwa anakitazama kile kipande juu ya shuka. Hakumtazama binti yake. Uso ulikuwa umemshuka, amezeeka ghafla, na ile fahari ilikuwa bado haijaondoka yote, imebaki pembeni mwa mdomo kama mtu aliyesahau kuacha kutabasamu.

"Sasa kipande kingine kiko wapi?" akauliza.

Eksirei ikawajibu. Kwenye picha ya kifua palikuwa na mstari mwembamba mweupe, umejikunja ndani ya kivuli cha moyo, ncha moja imeelekea kwenye mshipa unaopeleka damu mapafuni. Akaitwa daktari wa mishipa kutoka nyumbani kwake. Alikuja amevaa kandambili, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akaitazama picha kwa muda kisha akavuta stuli akakaa karibu na mzee.

"Shikamoo mzee. Hatupasui kifua. Hilo nataka ulijue kwanza."

"Marahaba. Endelea."

"Nitakutia ganzi hapa kwenye kinena. Natoboa tundu dogo, naingia kwenye mshipa mkubwa na mrija wangu, napanda nao mpaka moyoni nikitazama kwenye picha. Ndani ya mrija wangu kuna waya wenye kitanzi mwishoni. Nakitega, nakikamata kile kipande, nakivuta chini mpaka kitoke kwa njia ile ile niliyoingilia. Wewe utakuwa macho. Moyo unaweza kurukaruka nikiugusa, usiogope. Kuna hatari ya kutoka damu, na kuna uwezekano kitanzi kikashindwa, hapo tutazungumza upya. Lakini kukiacha ni hatari zaidi. Kinaweza kuziba mshipa, kinaweza kushika uchafu."

Kwa miezi yote ile, kila daktari alipomaliza kueleza, mzee alikuwa anamgeukia binti: "Eti ndivyo?" Sasa alianza kugeuka kwa mazoea, shingo ikafika katikati ikasimama. Akamtazama mwanawe wa kiume.

"Unasemaje?"

"Wakitoe tu, baba," kaka akasema. "Watakitoa."

Binti akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Laiti ardhi ingepasuka.

Walipokuwa wanamtayarisha, kaka akamfuata kwenye korido. "Umetufanya wajinga," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimemleta mke wangu kwako. Umemwambia akapime, nikasema aa, Dokta ana busara." Akatoa simu. "Na hii niliyoituma? Nifanye nini nayo? Watu wanazidi kupongeza."

"Ifute, kaka."

"Nifute kwangu, kwao je?" Akaguna, akaondoka kumpigia mama.

Nesi mnene akatoka chumba cha maandalizi. "Mzee anakuita."

Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la hospitali limemfika magotini, miguu yake myembamba nje. Bila kofia yake yenye madoa ya rangi alionekana mdogo.

"Kwa nini hukukataa?" akauliza. "Leo. Mchana. Mambo ya chuo tuyaache."

Alitafuta jibu ambalo si uongo. "Ulikuwa umeshanyoosha mkono, baba."

Mzee akafikiri. "Nilikulazimisha."

"Hapana. Ningeweza kusema."

"Ungeweza," akakubali. "Watu wote wale niliowaambia." Hakumalizia. Binti akatambua kwamba baba naye alikuwa anaona aibu, tena si aibu ya kipande cha mrija, na kwamba hiyo pia ni yeye aliyembebesha. Mzee akamwita daktari wa mishipa aliyekuwa anafunga aproni. "Daktari, huyu aingie."

"Ndani haruhusiwi, mzee."

"Basi asimame mahali anione. Alianza, aone mwisho."

Hakujua kama ile ilikuwa adhabu au huruma, na hakuthubutu kuuliza. Daktari akamwazima aproni nzito ya kukinga mionzi, akamsimamisha chumba cha nyuma ya kioo pamoja na mpiga picha za eksirei. Hapo aliona kila kitu, mara mbili: upande mmoja baba yake amefunikwa mashuka ya kijani, kichwa tu nje, upande wa pili, kwenye skrini, ndani ya baba yake, mbavu, kivuli cha moyo kinachopiga, na ule mstari unaocheza kila moyo unapopiga, kama kijiti kwenye maji yanayochemka.

Mrija wa daktari ukatokea chini ya skrini, ukapanda. Ulikuwa na adabu. Uliingia moyoni polepole sana. Kitanzi kikachomoza, duara dogo la waya. Likakikaribia kipande, kipande kikaruka upande. Likafuata, likapita juu yake, likafungwa bila kushika kitu. Moyo ukapiga hovyo, mapigo mawili matatu yamebanana, na kupitia kioo binti akaona mkono wa mzee ukikamata ukingo wa kitanda.

"Pole mzee, hapo ni mimi," sauti ya daktari ikasikika kwenye kipaza. "Vuta pumzi."

"Kama ngazi," mzee akasema kwa tabu. "Nimekosa kipandio."

"Usishuke, bado tuko juu."

Mzee akacheka, cheko fupi lenye kikohozi, na daktari akasubiri mpaka kifua kitulie. Akakitega tena. Kikakosa tena. Binti aligundua kwamba amekibana kiganja chake kwa kucha, kiganja kile kile. Alitamani kusali, akaona aibu hata kumwomba Mungu, maana mchana alikuwa amepokea dua za shangazi kana kwamba ni zake.

Daktari akabadilisha mbinu. Akaurudisha mrija nyuma kidogo, akaupinda, akaja kwa upande wa ncha iliyolegea. Kitanzi kikakaa wazi, kimetulia, hakikufukuza. Moyo ukapiga, ncha ikaingia yenyewe ndani ya duara. Duara likafunga.

"Ninacho," daktari akasema.

Mpiga picha akatoa pumzi. Kwenye skrini kipande kikakunjika katikati, kikafuata waya kikishuka: kikatoka moyoni, kikapita tumboni, kikafika kinena, kikapotea kwenye ukingo wa picha. Daktari akakipokea kwenye bakuli. Akaomba kile cha kwanza, akavilaza pamoja, sehemu zilizochanika zikigusana, akahesabu alama. "Vimekamilika. Hakuna kilichobaki."

Binti akakaa chini, sakafuni, na ile aproni nzito ikamkalia magotini. Mpiga picha, ambaye kila asubuhi alimpitia dirishani akimtania kuhusu foleni, akajifanya anapanga nyaya.

Mama alifika mzee akiwa ameshapelekwa wodini, amelazwa chali, mguu wa upande uliotobolewa umenyooshwa asiukunje. Kaka alikuwa amemweleza kila kitu kwenye simu. Alimkumbatia mumewe, akamgusa uso, kisha akamgeukia binti. Binti alingoja kofi. Mama akasema tu, "Na mimi nilichemsha maji," akaanza kulia. Lilikuwa neno baya kuliko kofi.

Jumatatu binti alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wake kabla habari hazijamtangulia, ingawa zilikuwa zimeshamtangulia. Akaonywa, tena kwa maneno mazito, kuhusu koti na watu wanaoliamini. Lakini kazi hakunyang'anywa. Jioni akaishika simu, akajirekodi kwa ndugu wote. Alirudia mara nyingi kwa sababu kila mara sauti ilimgeuka katikati. Mwishowe akatuma ile iliyokuwa mbaya zaidi, yenye kigugumizi: mrija ulikatika kwa sababu yangu, baba amefanyiwa kazi moyoni, anaendelea vizuri, mimi si nesi wala daktari, nakaa mapokezi, naomba mnisamehe. Shangazi hakujibu siku ile. Kesho yake alituma neno moja, "Sawa," na binti akalitazama neno lile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama sifa zake zote.

Mtaani ilikuwa ngumu zaidi. Kuna waliocheka waziwazi. Mama mmoja jirani alimpita dukani akiwa amembeba mtoto, akamhamishia mtoto bega la pili, kana kwamba kumtazama tu kungemdhuru. Mzee aliporudi nyumbani hakumnunia, lakini hakuzungumza naye sana. Alimwomba maji, alimwomba gongo. Jioni alikaa barazani na rafiki zake na kuwaambia ukweli, binti akiwa ndani nyuma ya pazia. Alisikia mmoja akimfariji: "Watoto, bwana." Na baba akajibu, "Mimi ndiye niliyepiga tarumbeta." Kisha wakazungumzia mpira.

Siku ya kukaguliwa mguu, sasa katika hospitali hiyo ya binti, ilikuwa siku ya kazi. Kaka alimshusha mzee mlangoni akaenda kutafuta pa kuegesha. Binti alikuwa dirishani kwake, kavaa sweta la kawaida. Lile koti alikuwa ameomba kulivua, msimamizi akakubali bila kuuliza. Foleni ilikuwa ndefu na mtoto mmoja alikuwa anapiga yowe. Alipoinua macho akamwona baba yake katikati ya watu, amejiegemeza kwenye gongo. Dirisha la pili, la mwenzake, ndilo lililokuwa likibaki wazi upesi.

Mzee akamruhusu mwanamke wa nyuma yake apite kwenda huko. Kisha akamruhusu mwingine. Mpaka alipofika mbele ya dirisha la binti yake.

"Baba, lile pale halina mtu. Ungepita haraka."

"Nimeliona."

Akaulizwa anachoulizwa kila mgonjwa: umri, anapokaa, ndugu wa kuitwa likitokea jambo. Kwenye swali hilo la mwisho akasema, "Wewe," akiangalia kaunta, na binti akaandika bila kuinua kichwa, maana machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Akampa kadi. Mzee akaenda kukaa kwenye benchi na wenzake, mguu mbele.

Zamu yake ilipofika faili likarudi dirishani. Kazi ilikuwa kusimama na kumwita mgonjwa kwa jina lake kamili, chumba chote kisikie. Maisha yake yote hakuwahi kulitamka jina la baba yake mbele ya uso wake. Nyumbani lilikuwa baba, mzee, au kimya. Alisimama. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Akaliita, lakini liligeuka mnong'ono.

Watu wakatazamana. Mzee alikuwa amelisikia. Midomo yake ilitikisika. Hakuinuka.

"Ita kwa sauti, mwanangu," akasema kutoka kwenye benchi. "Huku nyuma hatusikii."

Akavuta pumzi, akaita tena, jina lote, la kwanza na la ukoo, na mzee akaegemea gongo lake akaanza kuinuka.